Watoto Wasiotimiza Siku: Safari ya Kuwaokoa, Kutoka Kuvezi ya Paris Hadi Kifuani mwa Mama



 Leo tunapenda kuzungumzia jambo ambalo limegusa nyumba nyingi lakini husemwa kwa minong'ono tu. Nalo ni mtoto anayezaliwa kabla ya siku zake kutimia. Ndugu zetu wa Tanzania wanawaita watoto njiti, kwa udogo wao.

Sisi tunaofundisha madrasa huletewa maswali mengi juu ya watoto hawa. Mtoto wa miezi saba apewe jina au tungoje kwanza? Kuna haja gani ya kuuza mbuzi kulipia hospitali kwa ajili ya mtoto ambaye si wa kukaa? Na bibi harusi aliyejifungua mwezi wa saba tangu ndoa, tumfikirie vipi? Ukiyachunguza maswali haya yote, chini yake kuna wazo moja: kwamba mtoto huyu amekwisha kupotea, na kumhangaikia ni kupoteza mali na nguvu. Kwa hiyo tumeona tueleze kwa ufupi historia ya namna binadamu walivyojifunza kuwatunza watoto hawa, ili msomaji aone mwenyewe kama wazo hilo lina msingi.

Imani ya mwezi wa nane

Katika mitaa yetu tumesikia mara nyingi ikisemwa kwamba mtoto wa miezi saba anaweza kuishi lakini wa miezi minane haishi. Wengi hudhani haya ni maneno ya wazee wetu. Kwa kweli ni maneno ya kale sana na yametoka mbali. Katika vitabu vya waganga wa Kiyunani vinavyohusishwa na Hippocrates, kimo kitabu kizima juu ya mtoto wa miezi minane, na hukumu yake ni hiyo hiyo. Imani hiyo ikapokelewa na matabibu wengi waliofuata, wa Mashariki na wa Ulaya, ikasomwa kwa karne nyingi.

Nayo si kweli. Kila wiki mtoto anayoongeza tumboni humzidishia nafasi ya kuishi. Wa miezi minane ana nafasi kubwa kuliko wa saba, na wa saba kuliko wa sita. Waganga huhesabu kwamba mimba kamili ni kuanzia wiki 37, na anayezaliwa kabla ya hapo ndiye wanayemwita aliyezaliwa kabla ya wakati. Kwa hesabu ya Shirika la Afya Duniani, mwaka 2020 walizaliwa watoto kama hao milioni 13.4, yaani karibu mmoja katika kila kumi.

Hesabu ya miezi sita katika sheria yetu

Wanafunzi wetu wa darasa la fiqhi wanaijua hesabu hii, lakini si vibaya kuikumbusha. Katika Suratul Ahqaf, aya ya 15, kubeba mimba na kumwachisha mtoto ziwa vimetajwa pamoja kuwa miezi thelathini. Katika Suratul Baqara, aya ya 233, unyonyeshaji uliokamilika umetajwa kuwa miaka miwili. Toa miezi 24 katika 30, inabaki sita. Kwa hiyo wanazuoni wakasema kwamba muda mfupi kabisa wa mimba ya mtoto anayeweza kuishi ni miezi sita. Imepokewa kwamba hesabu hii ilitumika zama za masahaba kumtetea mwanamke aliyejifungua miezi sita baada ya ndoa na akatuhumiwa.

Tuipime kwa hesabu ya hospitali. Miezi sita ya mwezi mwandamo ni siku kama 177, yaani wiki 25 na ushei. Waganga huanza kuhesabu tangu hedhi ya mwisho, ambayo hutangulia mimba kwa wiki mbili hivi, kwa hiyo kwao hiyo ni kama wiki ya 27. Mtoto wa umri huo huwa na uzito wa kilo moja hivi.

Isitoshe, sheria inasema kwamba mtoto aliyezaliwa hai, hata akilia mara moja tu kisha akafa, huoshwa, huswaliwa na hurithi. Basi ikiwa mtoto huyu ana haki katika mirathi ya baba yake, itakuwaje asiwe na haki katika joto, maziwa na dawa?

Lakini tukiri kwamba kwa karne nyingi hapakuwa na njia ya kumsaidia. Mtoto aliyezaliwa mapema ana ngozi nyembamba na hana mafuta mwilini, kwa hiyo hupoteza joto upesi. Hana nguvu ya kunyonya. Mapafu yake hayajakomaa. Mwili wake hauwezi kupigana na vijidudu. Haya mambo manne, joto, maziwa, pumzi na usafi, ndiyo historia yote tunayoisimulia hapa.

Kuku wa Paris

Mashine ya joto, ambayo Nairobi na Dar es Salaam huitwa inkubeta, huku kwetu kuanzia Bujumbura hadi Bukavu wengi huiita kuvezi. Neno hilo tumelichukua kwa Wafaransa, na asili yake kwao ni kuku anayelalia mayai. Jina hilo halikuja bure.

Karibu na mwaka 1880, mganga wa wazazi aitwaye Stéphane Tarnier alitembelea bustani ya wanyama mjini Paris, akaona sanduku la kuangulia vifaranga kwa joto. Akafikiri: kama yai linaweza kutunzwa hivi, kwa nini si mtoto? Akamwomba fundi wa bustani ile, Odile Martin, amtengenezee sanduku kubwa la namna hiyo. Chini kulikuwa na maji ya moto, juu wakalazwa watoto, na hewa yenye joto ikapanda kuwafikia. Sanduku likaanza kutumika katika hospitali ya uzazi ya Maternité mwaka 1881. Kabla yake, kati ya watoto 100 wenye uzito chini ya kilo mbili hospitalini hapo, walikuwa wakifa 66. Baada yake wakafa 38. Kitu kilichobadilika zaidi kilikuwa ni joto.

Tarnier pia aliwalisha wasioweza kunyonya kwa mrija mwembamba uliopelekwa hadi tumboni, njia inayotumika hadi leo. Mwanafunzi wake, Pierre Budin, akaendeleza kazi na mwaka 1900 akatoa kitabu juu ya watoto wachanga ambacho kilisomwa nchi nyingi. Budin aliona jambo ambalo wengine hawakuliona. Aliona kwamba mama anayetenganishwa na mtoto wake, asimnyonyeshe wala kumshika, taratibu moyo wake humtoka mtoto huyo, na wengine hawarudi tena kumchukua. Kwa hiyo akataka mama awe karibu na aendelee kunyonyesha. Msomaji aliweke neno hili akilini, maana dunia ilikuja kulisahau kwa miaka mingi.

Watoto walioonyeshwa kwa kiingilio

Mashine ilikuwa ghali, na hospitali nyingi hazikuona sababu ya kuinunua. Hapo ndipo linapoingia jambo la ajabu katika historia hii. Mtu mmoja aitwaye Martin Couney aliwapeleka watoto hawa katika maonyesho. Mwaka 1896 mashine zilionyeshwa Berlin zikiwa na watoto ndani, mwaka 1897 London, kisha akahamia Marekani. Katika uwanja wa michezo na starehe wa Coney Island, New York, aliendesha maonyesho yake kuanzia 1903 hadi 1943. Watu walilipa senti 25 kuingia kuwatazama watoto nyuma ya vioo, jirani na pembea na wauza vyakula. Wazazi hawakulipa hata senti moja. Kiingilio ndicho kilicholipa wauguzi, wanyonyeshaji na makaa.

Waliochunguza habari zake baadaye hawakupata uthibitisho kwamba alikuwa na shahada ya uganga. Na kumfanya mtoto wa mtu kuwa kitu cha kutazamwa kwa pesa ni jambo linaloudhi. Lakini wazazi walimletea watoto kwa sababu hospitali zao hazikuwa na mahali pa kuwaweka. Kwa hesabu yake mwenyewe alipokea watoto kama 8,000 na wakaishi 6,500. Mganga wa Chicago, Julius Hess, alifahamiana naye na kushirikiana naye, na mwaka 1922 Hess alifungua katika hospitali ya Sarah Morris chumba maalumu cha watoto hawa. Kidogo kidogo, yaliyokuwa uwanja wa starehe yakahamia hospitali.

Ndugu wasomaji, tujiulize kwa nini ilichukua miaka mingi hivyo. Sanduku lilikuwepo tangu 1881. Kilichokosekana ni imani kwamba mtoto huyu anastahili gharama. Katika miaka ile walikuwepo wasomi wakubwa waliodai kwamba wadhaifu waachwe wafe, ili taifa libaki na wenye nguvu. Watoto wa Couney walikua, wakaoa na kuolewa na kuzaa, na maisha yao yakawa jawabu tosha.

Dawa iliyopofusha

Baada ya joto na maziwa, waganga wakageukia pumzi. Miaka ya 1940 hospitali za nchi tajiri zilianza kuwapa watoto hawa hewa ya oksijeni kwa wingi ndani ya kuvezi zilizofungwa vizuri. Waliona rangi ya mtoto ikitengemaa, wakaamini kwamba kadiri inavyozidi ndivyo inavyofaa.

Mwaka 1942 mganga wa macho wa Boston, Theodore Terry, alieleza upofu wa ajabu kwa watoto waliozaliwa mapema. Upofu ukaenea, na zaidi katika hospitali zilizo bora na zenye vifaa vingi. Ilisumbua watu kwa miaka kumi. Mwaka 1951 Kate Campbell wa Melbourne, Australia, akaonyesha kwamba waliopewa oksijeni nyingi ndio waliopofuka zaidi. Ili kupata uhakika, hospitali 18 za Marekani zilishirikiana katika uchunguzi ulioanza 1953: watoto wengine walipewa oksijeni nyingi kama desturi, wengine kidogo kwa kiasi wanachohitaji. Jawabu lilikuwa wazi. Oksijeni nyingi iliharibu mishipa midogo ya jicho lisilokomaa. Inakadiriwa kwamba watoto kama 10,000 walikuwa wamekwisha kupofuka.

Kisha wakaogopa, wakabana oksijeni kupita kiasi, na watoto wengine wakafa kwa kukosa pumzi. Suluhisho lilikuwa ni kipimo. Mwaka 1974 Mjapani Takuo Aoyagi alibuni kifaa cha kupima oksijeni katika damu kwa mwanga, bila kutoboa ngozi. Ni ile taa nyekundu ndogo ambayo leo utaiona imefungwa mguuni mwa mtoto katika wodi, au imebanwa kidoleni mwa mgonjwa.

Tumelieleza hili kwa urefu kwa sababu lina funzo kwa wanafunzi. Waliotoa oksijeni ile walikuwa watu wema waliotaka kuokoa. Nia njema haikutosha. Ilihitajika mtu apime, ahesabu, na akubali jawabu hata kama linavunja desturi ya hospitali kubwa.

Siri ya mapafu

Mwaka 1953 Virginia Apgar, mganga wa New York, alichapisha njia rahisi ya kumpima mtoto dakika ya kwanza tu baada ya kuzaliwa: mapigo ya moyo, pumzi, nguvu za misuli, namna anavyoitikia akiguswa, na rangi. Kila moja hupewa alama kuanzia 0 hadi 2, jumla 10. Ukitazama kadi ya mtoto wako kutoka materinite, huenda ukaona alama hiyo ikiwa na jina la mama huyo. Kabla ya hapo watoto wengi waliochoka waliwekwa pembeni wakidhaniwa wamekufa. Kipimo hiki kilimlazimu mkunga kumtazama kila mtoto.

Mwaka 1959 Mary Ellen Avery na mwenzake Jere Mead waligundua kwa nini mapafu ya watoto hawa hugoma. Ndani ya mapafu yaliyokomaa kuna utelezi unaofanana na povu la sabuni, unaozuia vifuko vya hewa visishikamane kila tunapotoa pumzi. Mtoto wa mapema bado hana utelezi huo wa kutosha. Kila pumzi kwake ni kama kupuliza puto jipya, hadi anachoka na kufa. Mwaka uliofuata, Oktoba 1960, Louis Gluck alifungua katika Chuo Kikuu cha Yale wodi inayohesabiwa kuwa ya kwanza ya uangalizi maalumu wa watoto wachanga. Sharti lake kubwa halikuwa mashine. Lilikuwa ni kunawa mikono.

Hata hivyo elimu ilikuwa bado changa. Tarehe 7 Agosti 1963 Rais John Kennedy wa Marekani alipata mtoto wa kiume, Patrick, aliyezaliwa wiki tano na nusu kabla ya wakati, akiwa na kilo 2.1. Alikuwa na uzito ambao leo hospitali yenye vifaa haiuhofii sana. Lakini mapafu yake hayakuwa na utelezi ule. Akapelekwa Boston, wakaitwa waganga bingwa, na tarehe 9 Agosti akafa. Baba aliyekuwa na uwezo kuliko karibu wote duniani hakuweza kumnunulia mwanawe pumzi. Baada ya msiba ule watu wengi na pesa nyingi zilielekezwa katika utafiti wa mapafu ya wachanga.

Majibu yakaja kwa mfululizo, na kutoka nchi mbalimbali:

1. Mwaka 1971 George Gregory wa San Francisco alieleza watoto 20 waliopewa hewa yenye shinikizo dogo la kudumu, ili mapafu yasijifunge. Wakaishi 16. Mashine hizo wahudumu huziita sipapu.

2. Mwaka 1972 Graham Liggins na Ross Howie wa Auckland, New Zealand, walitangaza kwamba mama anayeelekea kujifungua mapema akichomwa sindano ya dawa ya steroidi, mapafu ya mtoto hukomaa haraka. Liggins alianzia kwa kondoo: mwanakondoo aliyezaliwa mapema mno alikuwa anapumua wakati alitarajiwa kuwa amekufa.

3. Mwaka 1980 Tetsuro Fujiwara wa Japani aliwatilia watoto kumi utelezi uliotolewa katika mapafu ya ng'ombe, moja kwa moja kwenye njia ya pumzi, na hali zao zikabadilika.

Bogotá: uhaba uliorudisha elimu

Hadi hapo mashine zilikuwa zimeshinda, lakini mama alikuwa amesahaulika. Wodi nyingi zilimweka nyuma ya kioo kwa kuhofia vijidudu. Maneno ya Budin yalikuwa yamezikwa.

Mwaka 1978 mjini Bogotá, Colombia, mganga aitwaye Edgar Rey Sanabria alikuwa na tatizo ambalo hospitali zetu zinalijua. Kuvezi zilikuwa chache, watoto wawili au watatu wakalazwa katika moja, wakaambukizana, na akina mama wengine wakawatelekeza. Rey akajaribu njia nyingine. Mtoto, akiwa na nepi na kofia tu, aliwekwa wima kifuani mwa mama, ngozi kwa ngozi, akafungwa kwa kitambaa usiku na mchana, akanyonyeshwa hapo hapo. Mwenzake Héctor Martínez akajiunga naye mwaka uliofuata. Wakaiita njia ya kangaruu, kwa mfano wa mnyama wa Australia anayebeba mtoto wake katika mfuko wa tumboni.

Wengi katika nchi tajiri waliicheka, wakasema ni dawa ya maskini. Lakini mama hutoa joto lisilokatika umeme ukikatika. Mtoto husikia mapigo ya moyo na pumzi ya mama, na ya kwake hutengemaa. Maziwa huongezeka. Watoto wa Colombia waliotunzwa hivyo walifuatiliwa kwa miaka 20, na matokeo yaliyotolewa 2017 yalionyesha kwamba manufaa yalikuwa bado yanaonekana wakiwa vijana.

Bara letu nalo

Afrika haikuwa mtazamaji tu. Katika hospitali ya misheni ya Manama, Zimbabwe, ambayo haikuwa na kuvezi, njia ya kangaruu ilianza mwishoni mwa miaka ya 1980. Kati ya watoto 100 wa chini ya kilo moja na nusu, waliokuwa wakiishi ni 10 tu. Wakafika 50.

Blantyre, Malawi, katika Hospitali Kuu ya Queen Elizabeth, ilijaribiwa sipapu ya bei nafuu. Hewa hupelekwa puani kwa mrija, na ncha ya mrija wa kutokea huzamishwa ndani ya chupa ya maji. Kadiri ncha inavyozama ndivyo shinikizo linavyoongezeka, na mapovu yakionekana muuguzi anajua mashine inafanya kazi. Matokeo yalichapishwa 2014: katika watoto wenye shida ya kupumua, waliopona walipanda kutoka 44 kati ya 100 hadi 71.

Sindano ya Liggins ilijaribiwa upya katika hospitali 29 za Kenya, Nigeria, India, Pakistan na Bangladesh, kwa akina mama 2,852. Mwaka 2020 ikatangazwa kwamba imepunguza vifo vya wachanga, kutoka 23.5 kati ya 100 hadi 19.6.

Kisha likaulizwa swali kubwa zaidi. Desturi ilikuwa kumweka mtoto mashineni kwanza, na akishapata nafuu ndipo apewe mama. Je, akipewa mama mara tu baada ya kuzaliwa? Swali hilo lilichunguzwa katika hospitali za Tanzania, Malawi, Ghana, Nigeria na India, kwa watoto 3,211 wa kuanzia kilo 1 hadi chini kidogo ya kilo 1.8. Mama au ndugu aliyemsaidia alikaa na mtoto kifuani karibu saa 17 kwa siku, ndani ya wodi ile ile yenye sipapu na wauguzi. Matokeo yalitolewa 2021. Katika desturi ya zamani walikufa 15.7 kati ya kila 100, na kwa njia mpya 12. Wasimamizi waliusimamisha uchunguzi kabla ya wakati wake, kwa sababu haikuwa halali tena kuwanyima wengine kifua cha mama. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani likaelekeza kwamba hivyo ndivyo ifanyike kote.

Tazameni mzunguko huu. Ilianza kwa kuiga kuku anayelalia mayai, ikapita katika vioo, mitungi na waya, ikarudi kwa mama. Na hapa tuwe waangalifu. Haina maana kwamba mashine hazina kazi, na kwamba mtoto atunzwe nyumbani kwa kitenge. Watoto wale walikuwa hospitalini. Elimu ya Bogotá na elimu ya Yale zimekutana, hazikufukuzana.

Masuala mawili ya dini

La kwanza ni maziwa. Mama wa mtoto wa mapema mara nyingi huchelewa kupata maziwa, na maziwa ya mwanamke humkinga mtoto huyu na ugonjwa mbaya wa matumbo kuliko ya kopo. Ulaya walianzisha benki ya maziwa ya akina mama mjini Vienna mwaka 1909, na jirani zetu wa Nairobi wanayo katika hospitali ya uzazi ya Pumwani tangu 2019. Kwa Mwislamu, maziwa huleta undugu na huharamisha ndoa. Ndiyo sababu baraza la fiqhi la kimataifa la Jeddah lilipinga benki hizi mwaka 1985, kwa kuwa maziwa huchanganywa na mwenyewe hajulikani. Wapo wanazuoni wengine walioruhusu. Katika madhehebu ya Shafi yanayofuatwa na wengi wetu, undugu huthibiti kwa minyonyesho mitano, na wanazuoni wengi huhesabu hata yaliyopitishwa kwa kikombe au mrija. Ushauri wetu ni mwepesi: akipatikana mama anayejulikana, akubali, na jina lake na la watoto wake liandikwe na kuhifadhiwa na familia zote mbili. Mtoto apate maziwa, na undugu usipotee.

La pili ni ule utelezi wa mapafu. Upo unaotokana na ng'ombe, na upo unaotokana na nguruwe. Mzazi ana haki ya kuuliza na kuomba ule wa ng'ombe kama upo. Ikiwa haupo na mtoto anakata roho, kanuni ya dharura inajulikana na kila mwanafunzi wa fiqhi. Muulizeni shekhe wenu mapema, si usiku wa shida.

Wajibu wetu

Katika haya yote tunaomba familia zetu zishike mambo haya:

1. Mama akiona uchungu, maji au damu kabla ya mwezi wa tisa, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, si baada ya kungoja kuche. Sindano ya mapafu humfaa mtoto akiwa bado tumboni, na inahitaji muda kufanya kazi. Mganga ndiye atakayepima kama inamfaa mama huyo.

2. Mtoto akizaliwa njiani au nyumbani, akaushwe, avikwe kofia, awekwe kifuani mwa mama ngozi kwa ngozi, wafunikwe pamoja, na safari ianze. Asiogeshwe.

3. Baba, bibi na shangazi wajifunze kumbeba kifuani wampumzishe mama. Si aibu kwa mwanamume.

4. Mama asituhumiwe wala kulaumiwa. Aliyejifungua miezi saba baada ya ndoa ana hesabu ya Qur'ani upande wake.

5. Mtoto apewe jina lake. Asiitwe yule wa kuvezi.

6. Misikiti iliyo na mfuko wa mazishi iwe na mfuko wa matibabu pia. Sanda tunaichangia haraka sana. Tuchangie na siku tano za wodi.

Uhai na mauti vimo mikononi mwa Allah (S.W.), na wapo watakaofariki hata wakitunzwa na mabingwa, kama alivyofariki mtoto wa rais. Wazazi wa hao tunawaombea subira na malipo mema. Lakini kusema ni kadari kabla hatujafanya sehemu yetu si kutawakali. Walioambiwa kwamba hawaishi, kwa maelfu wameishi, kwa sababu yupo mtu aliyewapa joto, akawapa maziwa, akanawa mikono, akahesabu pumzi zao.

Wabillahi tawfiq.